Safari: Jina la Mvulana wa Njiani

Ndugu zangu wa kikundi, wale wa hapa Nyarugusu na wale wa Kakuma, Nakivale na Kyangwali mnaosoma kwa simu. Zamu ya kuandika historia safari hii imeniangukia mimi. Wenzangu waliotangulia waliandika mambo makubwa, vita, mipaka na marais. Mimi nataka niandike juu ya jina moja tu la mtoto wa kiume. Jina lenyewe ni Safari.

Nimelichagua kwa sababu hapa kambini lina ubishi. Kwenye orodha ya vijana wa mpira ninayoishika mimi kuna Safari wanne, na wote wamezaliwa kwenye familia tofauti. Lakini wazazi wa rika letu, wale wanaopata mtoto wa kwanza sasa hivi, wengi hawalitaki tena. Wanasema jina linamfuata mtu, na mtoto ukimwita Safari atatangatanga maisha yake yote kama sisi. Bibi analipenda, baba kijana analikataa, na mama anabaki katikati. Basi nimeona tulichunguze jina hili limetoka wapi, limepita wapi, na kwa nini watu walilipenda. Baadaye kila mzazi ataamua mwenyewe.

Tuanze na neno. Safari imetoka kwenye Kiarabu, safar, maana yake mwendo wa kwenda mbali. Kiswahili kikalichukua zamani na kulizalia watoto wengi: kusafiri, msafiri, usafiri, kusafirisha. Kuna wanaofikiri jina linatokana na Safar, ule mwezi wa Kiislamu unaofuata Muharram, ambao watu wa pwani huuita Mfunguo Tano. Hapana. Kwenye Kiarabu hayo ni maneno mawili yanayoanza kwa herufi tofauti, ila sisi tukiyaandika yanafanana.

Kwetu Kongo, na Tanzania pia, safari si lazima iwe ya mbali sana. Mama akienda Uvira kumwona dada yake, yuko safarini. Baba akienda Baraka kununua samaki, yuko safarini. Na kuna maana nyingine tunaitumia kila siku bila kuifikiria: "safari hii" maana yake ni mara hii. Mtu akishindwa mtihani mwaka jana, anasema safari hii nitapita. Kwa hiyo ndani ya neno hili hili kuna kuondoka, na kuna kujaribu tena.

Kabla neno la Kiarabu halijafika bara, watu wetu walikuwa na neno lao la kutembea mbali. Kwa Kirundi na Kinyarwanda ni urugendo. Kwa Kiganda ni olugendo. Kwa Kishi ni lugendo, na kuna wanaume wa Kivu wanaoitwa hivyo, Lugendo. Wagiriama wa pwani ya Kenya husema charo, na kijana wa Kigiriama kuitwa Charo ni jambo la kawaida kabisa. Hao hao Wagiriama wana pia jina Safari. Kwa kuwa kwao mjukuu hupewa jina la babu, unaweza kumkuta mtu anaitwa Safari Charo, yaani safari mara mbili, na yeye mwenyewe hajavuka hata mto. Wajaluo nao wana Oyoo, jina la mtoto aliyezaliwa njiani, kwa sababu yoo ni njia. Hivyo desturi ya kumpa mtoto jina la njia ni ya watu wengi, na ni ya zamani kuliko neno safari lenyewe.

Hata kwenye Biblia ipo. Musa alipokimbia Misri akaenda kuishi Midiani, alipata mtoto wa kiume akamwita Gershomu, kwa sababu alikuwa mgeni kwenye nchi isiyo yake. Iko kwenye Kutoka, sura ya 2. Yaani mkimbizi kumpa mtoto jina la hali yake si jambo lililoanzia Nyarugusu.

Sasa neno lilifikaje kwetu? Lilikuja kwa miguu. Katika karne ya 19 biashara ya pembe za ndovu ilikua sana, na njia kubwa ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, karibu kilomita 1,200. Ujiji iko pale pale karibu na Kigoma mjini, wengi wetu tumeipita. Kutoka hapo watu walivuka ziwa kwa mitumbwi na majahazi wakaingia Kongo, wakaenda mpaka Kasongo na Nyangwe, kule Maniema. Waingereza wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857 wakafika Ujiji Februari 1858. Hesabuni wenyewe, zaidi ya miezi saba.

Mizigo ilibebwa na watu. Waliitwa wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mmoja alibeba karibu frasila mbili, zaidi ya kilo 30, kichwani au begani. Kwenda bara walibeba kitambaa cha merikani, shanga na waya. Kurudi pwani walibeba pembe. Mbele alitembea kirangozi anayejua njia, na kila kundi lilikuwa na mnyampara wake. Neno nyapara tunalosikia Tanzania mpaka leo kwa msimamizi wa kazi limetoka kwenye misafara ile. Wanyamwezi wengine walisafiri na wake zao, na wanawake walibeba vyungu, vyakula na watoto. Kwenye msafara wa miezi saba mimba haisubiri mtu afike. Na kule nyumbani mke aliyeachwa na mimba alijifungua mume akiwa bado kwenye njia. Ukitafuta kwa nini neno la biashara linageuka jina la mtoto, mimi naona jibu liko hapo.

Lakini tusiipambe historia hii. Njia ile ile ilipitisha watumwa. Watu wa Maniema na wa pande zetu za ziwa walikamatwa, wakafungwa minyororo, wakatembezwa mpaka pwani, na wengi walifia njiani. Mwezi Julai 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, akaona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakiwapiga risasi wanawake na wanaume waliokuja sokoni kando ya mto Lualaba. Mwaka huo huo Stanley alimkuta Ujiji. Tippu Tip, ambaye jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, alitawala eneo kubwa kutoka Kasongo, na mwaka 1887 Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold ikampa ugavana wa Stanley Falls, ile Kisangani ya leo. Miaka michache baadaye walikosana, na vita vya 1892 mpaka 1894 vikamaliza utawala wa Waarabu na Waswahili kule.

Watawala waliondoka, lugha ikabaki. Kiswahili kilibaki Maniema, kikashuka Kivu, kikaingia Katanga na migodi yake ambako watu wa makabila mengi walihitaji lugha ya kuelewana. Leo ni moja ya lugha nne za taifa za Kongo. Na ndani ya lugha hiyo neno safari likabaki pamoja nasi. Kwa hiyo mtu akisema neno hili lilikuja na mnyororo, anasema kweli. Mtu akisema lilikuja na mpagazi aliyejua kuvuka pori la siku kumi bila kupotea, naye anasema kweli. Ni njia moja.

Wabelgiji walipochukua nchi, safari za kulazimishwa hazikuisha. Watu walichukuliwa kubeba mizigo ya serikali. Kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia jeshi la Wabelgiji lilitoka Kongo likaingia hapa Tanganyika, likauteka mji wa Tabora Septemba 1916. Nyuma ya askari walikuwa wapagazi wengi mno. Upande wa Waingereza pia walikuwepo, na soko la Kariakoo la Dar es Salaam lilipata jina lake kutokana na kikosi chao cha wabeba mizigo. Wanaume wengi hawakurudi. Baadaye ikaja migodi: baba anakwenda kutafuta kazi, anakaa mwaka, miaka miwili, mama anajifungua mwenyewe.

Ndivyo jina lilivyoingia kwenye familia yangu. Mimi siitwi Safari, mdogo wangu ndiye anaitwa hivyo. Alirithi kwa babu mzaa baba. Babu alizaliwa Fizi wakati baba yake amekwenda kutafuta kazi kwenye dhahabu ya Kamituga. Hakuzaliwa njiani hata kidogo, alizaliwa ndani ya nyumba, kando ya moto. Aliyekuwa safarini ni mzazi wake. Jina lilikuwa kama ujumbe uliowekwa pale umsubiri baba arudi: ukirudi utamkuta mtoto, na jina lake litakuambia ulikuwa wapi alipozaliwa.

Nimewauliza wazee kadhaa hapa kambini mtoto anaitwa Safari kwa sababu zipi. Wamenipa kama nne. Kwanza, amezaliwa njiani kabisa, barabarani, kwenye mashua, au kwenye kijiji cha watu. Pili, baba au mama alikuwa mbali wakati wa kuzaliwa. Tatu, familia ilikuwa imehama karibuni, na mtoto ni wa kwanza kuzaliwa sehemu mpya. Nne, amerithi kwa babu au mjomba, na hii ndiyo sababu ya Masafari wengi wa leo. Kwa hiyo ukimkuta Safari usikimbilie kumhurumia. Pengine babu yake alikuwa mfanyabiashara wa mawese aliyependa kutembea.

Ni desturi ile ile inayotupa Mashaka, Mateso, Shida, Bahati, Riziki na Byamungu. Jirani zetu Warundi nao wana njia yao: mapacha ni Bukuru na Butoyi, mtoto wa saba ni Nyandwi, wa nane ni Minani. Jina linabeba habari. Zamani ambako hakukuwa na cheti cha kuzaliwa, jina lilikuwa ndiyo cheti. Ukitajiwa jina la mtu, unajua mwaka ule nyumba yao ilipitia nini.

Kuna kipindi kimoja cha siasa ambacho lazima tukitaje, maana kiliyapa nguvu majina kama haya. Wakati wa Wabelgiji mtoto aliyebatizwa alipewa jina la mtakatifu wa Ulaya: Joseph, Patrice, Marie. Mwezi Oktoba 1971 Mobutu alibadilisha jina la nchi kuwa Zaire, na mwaka 1972 akataka kila raia aache jina la kigeni achukue la Kiafrika. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la Kizungu alitishiwa kifungo. Hapo ndipo ile "postnom" ya kwenye karatasi zetu ilipopata nafasi, jina la pili la kwetu mahali pa jina la ubatizo. Watu waliingia kwenye majina ya mababu, na kwa sisi wa mashariki majina ya Kiswahili yalihesabiwa kuwa ya kwetu. Baada ya mwaka 1990 siasa ilipolegea, majina ya Kikristo yalirudi wazi wazi. Ndiyo maana kijana wa leo anaweza kuwa na majina matatu, la ukoo, la Kiswahili na la ubatizo, na Safari linaweza kukaa kwenye nafasi yoyote kati ya hizo tatu. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Sasa, mbona watu walilipenda jina hili? Kwanza ni jepesi. Lina silabi tatu, na mtu wa lugha yoyote ya kwetu analitamka bila kuvunja ulimi. Pili ni la Waislamu na Wakristo sawasawa, hakuna msikiti wala kanisa linalolikataa.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa zaidi kwangu. Jina Safari halitaji kabila. Muite Mbembe, Mfuliiru, Mshi, Mrega, Munyamulenge, Muhunde, Muhutu au Mtutsi, wote unaweza kuwakuta wanaitwa Safari. Mnaelewa maana yake. Sisi tumetoka sehemu ambayo kwenye kizuizi cha barabarani mtu anaweza kuulizwa jina, na jina la ukoo likajibu maswali ambayo hakuulizwa. Anajulikana ni wa wapi, wa nani, adui wa nani. Safari halimpi mwenye bunduki habari hiyo. Wazazi wengine walilichagua kwa sababu hiyo hiyo, ingawa hawasemi kwa sauti. Na kwenye orodha yangu ya mpira, wale Safari wanne, wawili ni wa jamii ambazo kule nyumbani watu wao wamepigana. Hapa wanaitana "somo", kama ilivyo desturi ya watu wenye jina moja. Wakipeana pasi, uwanja mzima unapiga kelele "Safari kwa Safari!" na kila mtu anacheka.

Turudi kwenye ubishi wenyewe, kwamba jina ni laana. Naheshimu hofu hiyo, maana haitoki hewani. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996, watu wa Kivu walipokimbia vita kuvuka ziwa. Warundi walikimbia 1972, wakakimbia tena 1993, wakakimbia tena 2015. Mwezi Mei mwaka huo wa 2015 maelfu ya Warundi walijazana kwenye ufuko wa Kagunga, kipindupindu kikawaingia, na meli ya zamani Liemba, iliyojengwa na Wajerumani kabla sijui babu wa nani hajazaliwa, ikawa inawabeba kwenda Kigoma. Wapo mama waliojifungua katika hali ile. Mama kama huyo ukimwambia amwite mtoto Safari, anaweza kukuangalia vibaya, na ana haki.

Lakini hebu tufikirie. Vita vilipokuja mwaka 1996, vilimfukuza Safari peke yake? Vilimfukuza na Amani. Vilimfukuza Furaha, na Baraka, na Bahati. Wote walipanda mitumbwi ile ile. Kama jina lingekuwa na nguvu ya kumtuliza mtu nyumbani, akina Amani wangekuwa bado wanalima mihogo Fizi. Aliyetufanya wakimbizi ni mtu mwenye silaha na mtu aliyempa silaha. Tukilitupia kosa jina la mtoto tunawasamehe wakubwa bila wao kuomba.

Tena naona jambo lingine. Mzazi anayemwita mtoto Safari hasemi mtoto atembee milele. Safari ina mwanzo na ina kufika. Anayetembea bila kufika Kiswahili kina maneno mengine ya kumwita: mzururaji, mtu wa kutangatanga. Hakuna aliyempa mtoto wake jina Mzururaji. Tukiagana tunasema safari njema, na maana yake ni ufike salama. Jina hilo kwa mtoto ni kama kumwombea afike.

Kuna hoja nyingine ya vijana wenzangu, kwamba jina hili linachekesha huko nje. Waliopelekwa nchi ya tatu wanatuandikia kwamba wakitaja Safari darasani Marekani, watu wanauliza kama ni la simba na twiga. Hata hapa, mgeni wa shirika anayefika kwa mara ya kwanza hutabasamu. Hiyo nayo ina historia. Waingereza waliliokota neno kwenye misafara ile ya karne ya 19. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, alipotoka tu kwenye urais wa Marekani, alishukia Mombasa kuwinda. Yeye na mwanawe waliua wanyama zaidi ya 500, na mizigo ilibebwa na wapagazi wengi ambao majina yao hakuna anayeyakumbuka. Magazeti yakaliandika neno, matajiri wakalipenda, na huko kwao safari ikawa kwenda kuangalia wanyama. Mwaka 1953 yakaanza mashindano ya magari ya Safari Rally. Kenya ikapata kampuni ya simu ya Safaricom. Mwaka 2003 Apple wakaipa jina hilo programu yao ya kufungulia intaneti. Kwa hiyo ukichekwa, jibu unalo: jina langu ni la zamani kuliko hiyo programu, na ninyi ndio mliolikopa kwa wabeba mizigo wetu.

Nimalize na jambo la makaratasi, hasa kwa ndugu zetu wa mashirika wanaosoma hapa. Nilisema nitalirudia. Kwetu Kongo, na kwa Warundi na Wanyarwanda vilevile, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hawana lazima ya kuwa na jina moja la ukoo. Kila mtoto hupewa lake. Kwa hiyo nyumba moja inaweza kuwa na Safari, Riziki, Byamungu na Mashaka, na wote ni tumbo moja. Familia moja ninayoijua ilikaa muda mrefu faili lao halitembei, kwa sababu mhojaji alitoka nchi ambako ndugu wote hubeba jina la baba. Akaona majina manne tofauti akadhani watoto wamekusanywa. Mama wa watu alilia. Kumbe kila jina kati ya yale manne lilikuwa linaeleza ile familia ilipita wapi, na kama angeulizwa angeeleza yote kwa nusu saa. Alichoulizwa ni kwa nini hayafanani.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwenu mnaojaza fomu: msimwulize mtu tu "jina la ukoo ni lipi," mwulizeni "nani alikupa jina hili, na kwa nini." Jibu litawasaidia kujua familia kuliko herufi. Kwenu wazazi: jina liandikwe namna moja kwenye cheti cha kuzaliwa, kwenye kadi ya mgao na shuleni, kwa mpangilio ule ule. Leo Safari, kesho Safary, keshokutwa Saffari, halafu mtoto akifika darasa la saba anaonekana watu watatu. Na kwetu vijana: tuulize tungali na wa kuwauliza. Bibi aliyelichagua jina lako anajua mwaka, kijiji na sababu. Hayo hayako kwenye faili lolote. Chukua daftari, andika jina, nani alilitoa, mwaka gani, nyumba ilikuwa katika hali gani. Kurasa mbili zinatosha familia nzima.

Mdogo wangu Safari ana miaka kumi na tisa. Amezaliwa hapa hapa Nyarugusu, na mbali alikowahi kufika ni Kasulu, tena kwa kibali. Yaani yeye ndiye mtu aliyetembea kidogo kuliko wote nyumbani kwetu. Nilipomwambia naandika juu ya jina lake nilimuuliza, wewe ukipata mtoto wa kiume utampa? Akasema atampa, ila kwanza ataandika pembeni babu alikuwa nani na baba yake alikwenda wapi, mtoto asije akadhani ni jina la simba.

Wale wenye Lugendo, Charo, Oyoo au jina lingine la njia kwa lugha ya kwenu, zamu ijayo ni yenu.